Aliyeacha Masomo Asinyang'anywe Sauti: Maneno kwa Vijana wa Lusangi



Leo hatukuja kuongea ju ya barabara. Tunaongea ju ya lugha. Mtatuuliza: lugha ina shida gani huku Lusangi? Kiswahili si tunakijua wote? Ni kweli. Kasongo na Kabambare wanaongea Kiswahili tangu wakati wa Tippu Tip, zaidi ya miaka 140. Mama akiuza mchele wake sokoni, hakuna wa kumshinda kwa maneno.

Lakini mletee karatasi.

Tulikaa benchi moja na wenzetu walioacha masomo mwaka wa tatu ao wa nne wa primere. Mmoja alikosa pesa ya shule, mwingine alienda kwenye machimbo ya dhahabu, wadada wakaolewa, wengine vita iliwakimbiza. Ni katika miaka hiyo Kifaransa kinachukua nafasi ya Kiswahili darasani. Walitoka Kifaransa hakijaingia, na kusoma Kiswahili hakujakomaa. Miaka 15 bila kitabu, herufi zinapotea kama njia ya shamba isiyopitwa na mtu.

Tumeona matokeo. Mama mmoja aliitwa atie kidole kwenye karatasi ya shamba lake, Kifaransa kitupu. Alifikiri ni ya kupima mpaka. Kumbe ni ya kuuza. Na kwenye mikutano, kijana mwenye akili timamu ananyamaza: "Mimi sikusoma, waachieni wenye kusoma." Hajakosa mawazo. Anaogopa kuchekwa.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2006, kifungu cha 43: primere ni ya lazima na ya bure katika shule za Serikali. Bure hiyo ilianza kutumika 2019, wenzetu hao wameshatoka zamani. Kifungu cha 18: mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoisikia. Kifungu cha 142: kila sheria isambazwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, ndani ya siku 60. Kiswahili ni moja wapo. Nani hapa ameshika mkononi sheria moja ya Kiswahili?

Na sisi wenye lisansi tusijifiche. Tunakaa bila kazi, halafu matangazo yetu tunayaandika Kifaransa ili tuonekane. Tunamfungia mlango yuleyule tunayesema tunamtetea.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Serikali itimize kifungu cha 142. Mtu yeyote asitie kidole kabla karatasi haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya mashahidi wake. Na sisi tunaoshinda bila kazi tufundishe jioni kusoma na kuandika, Kiswahili kwanza, Kifaransa baadaye. Ubao na chaki havingoji bajeti ya Kinshasa.

Aliyeacha shule hakuacha kuwa mwananchi.