Daftari Letu Litunzwe Wapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za mbegu na za bei. Sisi tunaotunza hesabu tumeagizwa kueleza jambo lisiloonekana shambani, lakini ambalo malipo ya kila mkulima yatalitegemea tangu msimu ujao, yaani mahali litakapotunzwa daftari letu.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ushirika wa pamba katika nchi hii ulijengwa juu ya neno hilo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walianza kwa kudai mizani ya haki. Walitaka pamba yao ipimwe mbele ya macho yao, na uzito uandikwe kama ulivyo. Vinu vya kuchambulia pamba vilikuja baadaye. Basi mizani ikishapima, kalamu hupokea amana; na maandishi yakipotea, mkulima hubaki na neno lake tupu mbele ya neno la mtu mwingine.

Mkutano huu umeletewa pendekezo kwamba daftari la mauzo liwekwe katika tovuti ya Chama, ili kila mwanachama aweze kutazama kwa simu yake kilo alizouza, daraja alilopewa na fedha anazodai. Sisi twaliunga mkono pendekezo hilo. Hata hivyo yatupasa tujue kwanza tovuti hukaa wapi, na ni nani anayeilinda.

Watu wengi hudhani kwamba kitu kilichowekwa katika intaneti kiko angani. Sivyo. Kimeandikwa ndani ya mashine iitwayo seva, na mashine hiyo imo katika chumba, chumba kimo katika jengo, na jengo limo katika mji fulani. Jengo la namna hiyo huitwa kituo cha data. Ni ghala kama maghala yetu, nalo lina maadui wake. Ghala la pamba huogopa mvua, moto na mwizi. Ghala la data huogopa kukosa umeme, joto, kukatika kwa njia, na moto.

Tuanze na umeme. Seva haistahimili hata nukta moja ya giza. Kwa hiyo kituo kizuri kina betri zinazopokea mzigo mara umeme ukatikapo, nazo huubeba kwa dakika chache tu, mpaka jenereta iwake. Ulinzi wote, basi, hutegemea jenereta kuwaka. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta iliyopasa kuhudumia baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka, na Waziri wa Uchukuzi akaomba radhi hadharani. Jenereta ilikuwapo, na ilikuwa imenunuliwa kwa fedha nyingi. Lakini saa ya haja haikufanya kazi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kituo kina jenereta. Yatupasa tuulize iliwashwa lini kwa majaribio, ikiwa imebeba mzigo wote, na mafuta yake yatatosha saa ngapi.

Pili ni joto. Karibu umeme wote unaoingia katika seva hugeuka kuwa joto. Hewa inayoingia katika mashine hizo yafaa iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Viyoyozi vikisimama, chumba kilichojaa seva hupata moto upesi, na mashine hujizima zenyewe au huharibika. Ndiyo sababu viyoyozi navyo vyapasa kuwa na umeme wa akiba, na vingine viwepo vya kushika zamu.

Taasisi ya Uptime Institute imeviweka vituo vya data katika ngazi nne. Katika ngazi ya tatu, kila mtambo unaweza kufunguliwa na kutengenezwa bila kuzima huduma. Katika ngazi ya nne, hata mtambo ukiharibika kwa ghafula, huduma huendelea. Mtu akitwambia kwamba kituo chake ni cha ngazi ya tatu, tumwombe cheti, na tuone kama cheti ni cha jengo lililokwisha kusimama au ni cha michoro tu.

Wauzaji hupenda pia kutaja asilimia. Mwaka una saa 8,760. Anayeahidi kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99 amejiachia saa 87 na zaidi za kutokuwapo, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Anayeahidi asilimia 99.9 amejiachia saa 8 na dakika 45 hivi. Anayeahidi asilimia 99.99 amejiachia dakika 52. Siku tatu na nusu katika mwezi wa kupalilia si kitu. Siku hizo hizo zikiangukia wiki ya malipo, watu watalala nje ya ofisi zetu.

Lakini asilimia hizi zote husema habari za kusimama kwa huduma. Hazisemi neno juu ya kupotea kwa daftari lenyewe. Hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika vituo vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote, na la pili likaungua kwa sehemu. Hakuna mtu aliyeumia. Kampuni ya Netcraft ilihesabu tovuti zipatazo milioni 3.6 zilizotoweka hewani. Nyingi zilirudi baada ya siku kadhaa, nyingine hazikurudi. Watengenezaji wa mchezo mmoja wa kompyuta walitangaza kwamba data za seva zao 25 zimepotea kabisa. Wako wateja waliokuwa na nakala ya akiba, lakini nakala ilitunzwa katika jengo lile lile lililoungua.

Mtu asidhani kwamba hayo huwapata wateja wadogo peke yao. Tarehe 26 Septemba 2025, mjini Daejeon, Korea Kusini, betri zilishika moto katika kituo cha data cha serikali. Mifumo 709 ya serikali ilisimama. Mmojawapo ulikuwa ghala la nyaraka za watumishi wa serikali, liitwalo G-Drive. Ghala hilo halikuwa na nakala mahali pengine, kwa kuwa lilionekana kuwa kubwa mno kunakiliwa. Nyaraka zile ziliteketea. Tena tuangalie kwamba moto ule ulianza katika betri, yaani katika chombo kilichowekwa ili kulinda. Nchi ile ni miongoni mwa nchi zinazosifika duniani kwa ufundi wa mitambo hii.

Hakuna mkulima kati yetu atakayeweka robota zote za msimu katika ghala moja, kisha akaweka na bima yake mfukoni mwa koti lililotundikwa ndani ya ghala hilo hilo. Basi tusifanye hivyo kwa daftari.

Liko na jambo la njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania pamoja na nchi jirani zikakosa intaneti au zikaipata kwa shida kwa siku kadhaa. Siku kama hizo tovuti inayotunzwa Ulaya haifikiki kwa urahisi, hata kama mwenye tovuti na mwenye kuisoma wako kata moja. Tovuti inayotunzwa nchini hufikiwa kwa mikongo ya nchi kavu, na makampuni ya simu hupeana mawasiliano yao papo hapo katika kituo cha mabadilishano cha Dar es Salaam, bila kuvuka bahari. Isitoshe, majina yenu, namba zenu za simu na za benki ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi.

Kwa sababu hizo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, daftari linalotumika kila siku litunzwe katika kituo cha data kilichomo nchini, chenye njia mbili za mikongo zisizopita katika mtaro mmoja.

Pili, nakala ya akiba ichukuliwe kila usiku na kupelekwa katika mkoa mwingine, kwa mwenye kituo mwingine, ili moto mmoja wala deni moja lisiweze kushika vyote viwili.

Tatu, mara mbili kila mwaka, kabla ya msimu na baada yake, nakala hiyo ifunguliwe katika mashine tupu, na Kamati ya Usimamizi ichague wanachama ishirini kwa kura, ilinganishe kilo zao na stakabadhi walizo nazo mkononi. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni kama mbegu isiyojaribiwa. Mtu hujua uzima wake baada ya mvua kupita.

Nne, stakabadhi ya karatasi iendelee kutolewa mizanini, na kila chama cha msingi kichapishe orodha yake ya msimu na kuiweka kabatini. Simu huzimika, na si kila mwanachama anayo.

Twajua kwamba mambo haya yatagharimu fedha, na fedha hizo zitatoka katika makato ya kila kilo. Wako waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusichukue huduma ya bei ya chini iliyotangazwa na wafanya biashara. Jibu letu ni kwamba katika bei ile hamna nakala ya pili, wala njia ya pili, wala mtu wa kupokea simu usiku. Pia mikataba ya namna hiyo mara nyingi husema kwamba data zikipotea, mteja hurudishiwa ada ya mwezi. Ada ya mwezi haitalipa pamba ya mtu hata mmoja.

Mwisho, tukumbuke kwamba mkataba huhamisha kazi, lakini hauhamishi dhamana. Mwanachama hakumkabidhi pamba yake mwenye seva, aliikabidhi kwetu. Siku atakapokuja na stakabadhi yake, sisi ndio tutakaosimama mbele yake, nasi yatupasa tuwe na daftari mkononi. Kama katika miaka kumi ijayo hatasikia hata mara moja habari za kituo cha data, kazi hii itakuwa imefanywa sawasawa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano uyapokee mapendekezo haya manne na kuyapigia kura. Ushirika udumu.