Kompaila Yakubali, Linka Yakataa
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme jambo la kazini kwangu. Nitasema lile lililoniaibisha.

Mwaka 2018 ofisini kwetu tulikuwa na programu ya Windows iliyoandikwa kwa lugha ya C mwaka 1998. Ilitunza kumbukumbu za utumishi za wastaafu. Mama mmoja aliyekuwa mhudumu alikuwa amekuja mara tatu kufuatilia mafao yake, na miaka 11 ya utumishi wake haikuandikwa penginepo. Nikatakiwa niongeze mistari michache ili programu itoe kumbukumbu zote kwa maandishi ya kawaida, ziingie katika mfumo mpya. Kwa maringo ya mwenye shahada nikasema siku mbili. Zikawa wiki mbili.

Vijana, shikeni tofauti hii. Kompaila husoma faili moja moja ya C na kuigeuza kuwa lugha ya mashine. Ikikuta jina la kifungu kilichoandikwa kwingine, huacha pengo na kuendelea. Linka ndiyo inayokusanya vipande na maktaba, ikajaza kila pengo. Mafaili yangu yote yalipita kwa kompaila. Linka ikakataa.

Nilikuwa na Visual Studio 2017. Maktaba moja ya zamani ya kuchapia haikuwa na msimbo wake, nayo ni ya biti 32. Kwa hiyo ilinibidi nijenge kwa x86, si x64. Vitufe na orodha za dirishani vilidai comctl32.lib. Maktaba ile ikaitafuta sprintf isiione, maana tangu Visual Studio 2015 vifungu hivyo vimehamia ndani ya mafaili ya vichwa. Dawa yake ni legacy_stdio_definitions.lib. Ilibidi pia niweke /SAFESEH:NO, jambo nisilolipenda kwa kuwa linapunguza ulinzi, hivyo kompyuta ile hatukuiunganisha na mtandao.

Likabaki lalamiko moja: linka haiioni main. Hapo ndipo siku zangu zilipoteketea. Nilivuruga msimbo wa mwenzetu aliyeuandika, hata nikaandika main tupu ya kwangu. Linka ikanyamaza. Nikaiendesha programu: dirisha jeusi, likafunga, basi.

Kumbe msimbo haukuwa na kosa tangu mwanzo. Programu yenye madirisha huanzia WinMain. Mimi nilipofungua mradi mpya nilichagua aina ya konsoli, na mpangilio wa linka ukaandikwa /SUBSYSTEM:CONSOLE, ambao hudai main. Nikafuta upuuzi wangu, nikaandika /SUBSYSTEM:WINDOWS. Neno moja, ndugu zangu! Dirisha la mwaka 1998 likafunguka.

Mwenzetu alituachia msimbo safi kabisa, ila mipangilio aliyoitumia kuujenga aliondoka nayo kichwani. Mimi niliichapa yangu yote, ukurasa mmoja, nikaifunga ndani ya jalada lilelile.

Yule mama alikuja mara ya nne. Miaka yake 11 ilikuwamo, mwezi kwa mwezi. Alitia sahihi, akaniuliza kwa nini tulichelewa hivyo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, alicheka sana.