Kuzuia Mtetemo wa Maguta: Usawa wa Shafti na Matunzo ya Mara kwa Mara

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masasi na Newala



Nimeombwa niseme juu ya mtetemo wa pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubebea mizigo ambayo sote tunaiita guta. Chombo hiki ndicho kinachotoa korosho vijijini na kuzifikisha ghalani. Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho huuzwa mnadani zikiwa ghalani. Guta likilala kwa fundi katikati ya msimu, mkulima ndiye anayesubiri fedha, na gharama ya matengenezo hutoka katika mfuko wake huyo huyo.

Pikipiki ya magurudumu mawili kwa kawaida hupeleka nguvu nyuma kwa mnyororo. Maguta mengi hutumia shafti ndefu, yaani propela, itokayo kwenye injini hadi kwenye difu. Kila ncha ya shafti ina kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Krosi huiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imeinama, kwa kuwa injini imefungwa kwenye fremu, na difu hupanda na kushuka pamoja na springi.

Lakini krosi ina tabia moja ambayo ni lazima tuifahamu. Shafti ikiinama, mwendo wake hauwi sawa: katika kila mzunguko huongezeka mara mbili na kupungua mara mbili. Krosi ikiinama nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Ikiinama nyuzi 20, hufikia asilimia 6. Krosi ya pili imewekwa ili ifute kosa la krosi ya kwanza. Itaweza kufanya hivyo kwa masharti mawili tu: uma za ncha mbili za shafti zielekee upande mmoja, na mwinamo wa mbele uwe sawa na wa nyuma.

Sharti la kwanza huvunjwa wakati wa matengenezo. Shafti huwa na meno ya kuteleza katikati, na fundi akiyarudisha bila kuangalia, uma moja husimama na nyingine hulala. Hapo makosa mawili hayafutani tena, bali hujumlishana. Chama hununua krosi mpya, na mtetemo hubaki pale pale. Dawa yake haina gharama: kabla ya kufungua, tia alama ya rangi pande zote mbili za meno, na wakati wa kufunga zikutanishe.

Sharti la pili huvunjwa na mzigo na boliti zilizolegea. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Magunia kumi ni kilo 800. Someni kibao cha mtengenezaji kabla ya kupakia. Springi ikilazwa na mzigo, au boliti zinazoishika ekseli zikilegea, difu husogea na mwinamo hubadilika. Chombo kinachopanda kutoka Masasi kwenda Newala, kisha kikapita katika mchanga wa uwandani, hulegeza nati upesi. Zikazwe kila wiki wakati wa msimu.

Kuna pia tope. Likigandia upande mmoja wa shafti huifanya izunguke bila uwiano. Ioshwe, kisha itiwe grisi ikiwa krosi zake zina tundu la grisi.

Katibu anaweza kutambua chanzo kabla ya kuita fundi. Mtetemo ukitokea chombo kikiwa kimesimama na injini ikinguruma, angalia injini na mipira inayoishikilia. Mtetemo ukifuata mwendo wa barabarani, hata dereva anapobana klachi mahali tambarare pasipo mzigo, angalia shafti, magurudumu na beringi zake. Kisha zima injini, weka mawe kwenye magurudumu, na utikise shafti kwa mkono karibu na kila krosi. Ikicheza ndani ya msalaba, krosi imekwisha. Injini ikiwaka, mtu asiingie chini ya chombo, wala nguo isikaribie shafti.

Ndugu zangu, jambo hili si la starehe ya dereva peke yake. Krosi ikikatika mlimani, nguvu ya injini haifiki tena kwenye magurudumu, na chombo chenye mzigo hubaki kushikwa na breki tupu. Shafti ikianguka upande wa mbele, yaweza kuchimba ardhi na kulipindua guta.

Natoa rai kwamba kila chama kiwe na daftari la guta: tarehe ya kukaza boliti, tarehe ya grisi, jina la fundi, na kipuri kilichobadilishwa. Daftari hilo lisomwe mbele ya kamati kabla ya fedha ya kipuri kingine kuidhinishwa. Krosi ya aina ile ile ikinunuliwa mara mbili katika msimu mmoja, kamati iulize habari za usawa wa shafti kabla ya kuuliza bei. Usipoziba ufa utajenga ukuta.