Sola za serikali: je, Kangundo imo?



Vijana wenzangu wa Kangundo, na wewe unayesoma haya ukiwa Tala, Kakuyuni au mbali zaidi, haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana, nimeyaandika karibu vile yalivyotoka. Swali lililoletwa lilikuwa moja: "Tunasikia serikali inatoa sola za nyumbani. Sisi tunajiandikisha wapi?"

Wacha nianze na jibu, maelezo yatafuata. Kwa mkaaji wa Kangundo, ule mradi mkubwa wa sola za nyumbani unaotajwa kila mara haukuandikiwa kaunti yako. Na hata huko ulikoandikiwa, sola si ya bure. Kwa hivyo mtu akikujia na daftari anataka mia tano "ya fomu" au elfu moja "ya kuharakisha", shika pesa yako. Mwambie mama, mwambie nyanya, kwa sababu hao ndio wanaofuatwa mchana wewe ukiwa kazini Nairobi.

Sasa tuelewane. Mradi wenyewe unaitwa KOSAP. Benki ya Dunia iliuidhinisha Julai 2017, dola milioni 150, na kwa upande wa Kenya uko chini ya Wizara ya Kawi, pamoja na Kenya Power na REREC, lile shirika la kupeleka umeme mashambani. Pesa hizo ni mkopo. Sikiza hapo vizuri: ni mkopo wa nchi, na nchi inalipa kwa kodi. Mama anayenunua sabuni na unga sokoni Kangundo naye anachangia. Ndiyo maana una haki ya kuuliza zinaenda wapi, hata kama haziji kwako.

Zinaenda kaunti 14: Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Marsabit, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale, Taita Taveta na Narok. Machakos haimo. Na hizi 14 hazikuokotwa tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, na Tume ya Ugavi wa Mapato ikatoa orodha ya kaunti zilizotengwa. Orodha ya KOSAP ni ile ile.

Kuna kijana aliniambia huu ni ubaguzi, kwamba Kangundo nayo ina nyumba za kibatari. Nilimjibu hivi: nakubali nusu. Nusu nisiyokubali ni hii. Kenya iliandika yenyewe, katika Waraka wa Bunge namba 10 wa 1965, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Kaskazini na sehemu kubwa ya pwani zikaachwa. Kangundo yetu, na kahawa yake na barabara ya kwenda Nairobi, haikuwa juu kabisa ya meza lakini haikuwa nje ya nyumba kama Mandera. Ndugu zetu wa huko wamesubiri zaidi ya miaka hamsini. Wakipewa kitu cha kwanza, sioni kosa.

Nusu ninayokubali: mpaka wa kaunti hauingii ndani ya nyumba kuangalia. Mzee aliye kwenye mteremko huko Kangundo, nguzo ya stima iko upande wa pili wa bonde, giza lake halina tofauti na giza la Kwale. Lakini kwenye makaratasi anahesabiwa ni mtu wa kaunti yenye stima. Hiyo ni hoja ya haki kabisa, na tutarudi kwayo. Haitatuliwi na broka wa fomu.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea. Katika KOSAP, upande wa sola za nyumbani, ruzuku ilipangwa ipitie kwa kampuni zinazouza. Kampuni inapeleka sola mahali pa mbali ambapo kwa kawaida isingeenda, ikithibitisha imeuza na kufunga, inalipwa fidia ya gharama. Kazi ya kusimamia hizo pesa ilipewa SNV na SunFunder. Kwa hivyo binamu yako wa Garissa akikupigia picha ya paneli juu ya bati, ujue kainunua, pengine kwa lipa pole pole. Utashawishika kusema, "Basi anunue kwa jina lake, anitumie kwa basi." Usifanye. Warranti itakuwa yake, fundi wa kampuni yuko huko, na sola nyingi za lipa pole pole hujifunga zenyewe malipo yakichelewa. Utabaki na sanduku zuri juu ya kabati.

Basi Kangundo inastahili nini?

Kabla hata ya sola, pima hatua kutoka nyumbani hadi transfoma. Mpango wa Last Mile ulioanza 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma, na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na njia ya kulipa kidogo kidogo ikawekwa. Hapo kigezo si umaskini wako wala dini yako, ni umbali. Kwa sehemu yenye watu wengi kama yetu, nyumba nyingi zimo ndani ya hizo mita na wenyewe hawajui. Nenda ofisi ya Kenya Power na uulize kama transfoma yenu ilihesabiwa. Sola ni nzuri, lakini kununua sola kwa bei ya juu na nguzo iko shambani kwa jirani, hiyo ni kujionea.

Msaada mwingine wa serikali haugawi mtu kwa kaunti, nao ni kodi. Mwaka 2020 vifaa vya sola viliwekewa VAT, watu wakalalamika, na 2021 msamaha ukarudishwa kwa vifaa maalum kama paneli na betri za kuhifadhi nguvu ya jua. Sheria za fedha hubadilika kila mwaka, kwa hivyo siku ya kununua uliza: "Hii bei ina VAT ndani?" Akisema ndiyo, mwambie aionyeshe kwenye risiti na akueleze ni ya kifaa gani. Duka lisilotaka kukupa risiti, toka. Risiti hiyo hiyo ndiyo utakayoshika betri ikifa mwezi wa tatu. Na fundi wa kufunga mfumo awe na leseni ya EPRA. Kanuni za sola zimetaka hivyo tangu 2012. Muombe akuonyeshe, hata kama ni rafiki ya kaka yako. Hasa kama ni rafiki ya kaka yako.

Sasa pesa zenyewe. Mfuko wa Uwezo upo katika kila eneo bunge, na ndio unaotufaa zaidi sisi vijana ila tunaupita. Mkopo wake hauna riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3, mara moja. Lakini ni wa vikundi: vijana wa miaka 18 hadi 35, akina mama, watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina akaunti ya benki kwa jina lake, wanachama wanachanga kila mwezi na mnajulikana na chifu. Kikundi kilichozaliwa wiki jana kwa ajili ya fomu kitarudishwa. Na muwe waangalifu na mpaka: Kangundo ni eneo bunge lake, Tala iko Matungulu. Tunavuka kwenda kununua mboga bila kufikiria, lakini kamati za Uwezo ni mbili tofauti, na kikundi chenu kitaulizwa kinafanyia kazi wapi.

Tena, Uwezo ni wa biashara. Ukiandika "tunataka sola za majumbani mwetu" hamtapata. Lakini kinyozi anayefunga duka kila stima ikipotea, au vijana wanaochaji simu na kuuza vinywaji baridi, paneli kwao ni kifaa cha kazi kama wembe na friji. Andikeni ukweli wa biashara yenu na hesabu yake.

Kuna Hustler Fund pia, ya tangu Novemba 2022. Inakuja kwa simu, huanzia shilingi 500, na riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Hapo hakuna anayekuuliza umenunua nini. Lakini kiasi cha mwanzo hakifungi sola ya maana, na neno lenyewe riba mmelisikia. Sitatoa fatwa hapa, mimi si sheikh.

Nitasema tu jambo moja kuhusu lipa pole pole, kwa sababu vijana wengi huniuliza kama ni halali kisha hawajasoma hata karatasi ya mkataba. Ukienda kwa sheikh, nenda na hiyo karatasi. Atataka kujua: bei ni moja iliyokubaliwa tangu mwanzo, au inaongezeka ukichelewa? Mali ni ya nani kabla hujamaliza? Ukilipa nusu ukashindwa, wanachukua yote? Na hata kabla ya sheikh, fanya hesabu. Tuseme amana ni 3,000 na kila siku 50 kwa mwaka mmoja. Hamsini mara 365 ni 18,250. Ukijumlisha amana ni 21,250. Sasa uliza bei ya taslimu ya sola hiyo hiyo. Tofauti utakayoona ndiyo bei ya kungoja, na ni wewe wa kuamua kama unaimudu. Shilingi hamsini kwa siku inasikika kama bei ya chai, ndiyo maana wanaitaja hivyo.

Wenye stima tayari na paneli kubwa kidogo, mna jambo lenu. Sheria ya Kawi ya 2019 na kanuni za 2024 zinaruhusu kurudisha umeme wa ziada kwenye waya za Kenya Power na kupata mkopo kwenye bili. Hupewi pesa mkononi, na unahesabiwa nusu tu ya ulichotuma. Kwa nyumba ya taa nne na redio, achana nalo.

Turudi kwa yule mzee wa mteremkoni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na afisa analiandika. Kupeleka ombi hakulipiwi. Wanaweza tu kukutoza gharama ya nakala. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikataa, lalamiko lako linakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Wala msiandike barua ya kulia. Andikeni maswali yanayojibika. Kwa Kenya Power: transfoma zipi za Kangundo zimo kwenye Last Mile, na nyumba ngapi zilizo ndani ya mita 600 bado hazijaunganishwa? Kwa Wizara ya Kawi: nyumba zilizo nje ya mita 600, katika kaunti isiyo kati ya zile 14, ziko kwenye mpango gani na wa mwaka gani? Kwa kamati ya Uwezo ya Kangundo: vikundi vingapi vya vijana vimeomba, vingapi vimepata, na walionyimwa waliambiwa sababu gani?

Tieni sahihi kumi au ishirini, za Waislamu na jirani zenu wasio Waislamu, kwa kuwa nguzo ya stima haiulizi mtu anasali wapi. Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye tarehe ya huo muhuri.