Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Mtwara



Kamati imetutaka sisi tuliokuwa viongozi wakati ule tuwaeleze wanachama wapya jinsi chama kilivyoupita mwaka mmoja, tangu Julai 2018 hata Juni 2019. Sababu yake yajulikana. Leo ziko hoja mbili mezani. Ya kwanza yataka sanduku la chama ligawanywe kila Desemba, kila mtu achukue chake. Ya pili yataka kazi ya kuwasaidia wasio wanachama ikome, kwa kuwa chama hiki ni cha watumishi. Hatukuja kuwaamulia, kura ni yenu. Twataka tu kwamba mpigapo kura muwe mmesikia.

Chama cha namna hii si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, wakakutana humo Waislamu kwa Wakristo, wakasoma magazeti, wakajifunza jioni, na timu ya mpira wakawa nayo. Mji wetu huu wa Mtwara wakati huo haukuwapo kama tuujuavyo. Ulijengwa baada ya 1947 kwa ajili ya mpango wa karanga, ukapata gati na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilipokosa kuota kama ilivyotarajiwa, reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Twayataja hayo kwa kuwa mtumishi aliyehamishiwa huku hushangaa kuona jinsi wenyeji wasivyopenda kuhesabu mali isiyofika mkononi. Akikaa miaka miwili hashangai tena.

Basi, Julai. Mwezi huo katika nchi ya mikorosho ni mwezi wa kutoa, si wa kupokea. Ubwiriunga hushambulia maua, nao mkulima hana budi kupuliza salfa, na vibarua wa kupalilia wataka ujira wao. Wanachama wengi wana mashamba, Nanyamba na Naliendele na kwingineko, kwa hiyo barua za maombi ya mkopo zilikuwa rundo. Hatukuogopa. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000, nayo bei katika baadhi ya minada ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Kila aliyekopa aliandika neno lilelile: nitalipa Novemba. Mshika fedha akawaamini, nasi tukamwamini mshika fedha.

Agosti na Septemba hazina mengi. Tulizika, tuliwatazama wagonjwa wetu katika hospitali ya Ligula, tulifagia uwanja wa shule moja tukapewa uji.

Oktoba ndipo mambo yalipogeuka. Minada ilipofunguliwa, bei waliyotaja wanunuzi ilikuwa ya chini, na wakulima wakakataa kuuza. Serikali ikaingia kati. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba korosho zote zitanunuliwa na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba jeshi litazisomba. Tuliyaona magari ya jeshi yakipita. Bei ile ilikuwa njema, wala hakuna mkulima aliyeilalamikia. Lakini kabla ya malipo palikuwa na uhakiki, ili wasilipwe kangomba, yaani wale wanaomnunulia mkulima mwenye njaa korosho zake mapema kwa bei ya kutupa. Uhakiki ni kazi ya karatasi, na karatasi, kama mjuavyo ninyi nyote, haina haraka.

Novemba ikapita, na Desemba. Mjini fedha zikakauka. Dereva wa bodaboda alilala juu ya pikipiki yake hata adhuhuri. Fundi cherehani alikuwa na vitambaa vya watu wasiorudi kuvichukua. Mwenye mshahara ndiye aliyekuwa mnunuzi wa pekee, naye alikuwa na mjomba, shangazi, na wana wa marehemu kaka yake, wote wakimtazama yeye. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia asubuhi, na kabla ya magharibi ulikwisha kugawanywa katika nyumba nne.

Ni katika Desemba hiyo hoja ya kuligawa sanduku ilipoletwa mara ya kwanza. Hatuwalaumu walioileta, mtu aliyebanwa hutazama palipo na fedha. Mkutano ulikaa tangu saa tisa hata taa zikawashwa. Mzee mmoja mstaafu alisimama akauliza neno moja tu, kwamba tukigawana leo, Februari atakufa nani asiyezikwa? Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Hoja ikashindwa kwa kura chache sana. Januari, wakati wa sare na madaftari, waliopiga kura ya kugawana walikuwa wa kwanza kuomba mkopo, nao walipewa kama wengine.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili. Mwezi huohuo wa Januari wakaanza kutujia watu wa vijijini, wa Mahurunga, wa Kilambo na wa njia ya Msimbati. Hawakuja kuomba fedha, walikuja na bahasha. Mtu aliandikwa katika chama chake cha ushirika kwa jina la babu, na benki kwa jina la baba. Mwingine hakuwa na akaunti kabisa, alitumia ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kazi hiyo ni yetu. Ndiyo tuifanyayo kila siku kwa mshahara. Tukakubaliana kwenda siku za Jumapili, wawili wawili, na kalamu na karatasi na muhuri wa chama usiokuwa na nguvu yoyote ila kumtuliza mwenye nayo. Sharti letu lilikuwa moja: asipokelewe chochote, si senti, si kuku, si bakuli la korosho. Muhogo wa kuchemsha tulikula. Hakuna kanuni iliyoukataza.

Tutawaeleza habari moja, kwa kuwa yafanana na nyingi. Upande wa Kilambo palikuwa na mama aliyefiwa na mumewe baada ya korosho kufikishwa ghalani. Stakabadhi ilikuwa kwa jina la marehemu, akaunti kwa jina la marehemu, na watoto walikuwa hai wakitaka kula. Ilibidi kikao cha ukoo kifanyike, muhtasari uandikwe, mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, kisha aende benki. Hakuna hatua hata moja hapo iliyo mbaya. Sheria humlinda mjane na mashemeji wenye mikono mirefu. Walakini kila hatua ina nauli, na kila nauli ilimkuta mama huyu akiwa hana kitu. Karani wetu mmoja aliandika muhtasari usiku kwa taa ya simu, wazee wakatia dole gumba. Sanduku likatoa nauli. Bwana Rais, nauli hiyo imeandikwa katika daftari kuwa ni deni, na mama huyo alikuja kuilipa mwenyewe, akakataa kuketi mpaka apewe hati ya kupokelea.

Lipo na jambo lisilopendeza. Mwenzetu mmoja, mtumishi kama sisi, alileta fomu ya kudai malipo ya korosho za shamba asilokuwa nalo, maana fedha zake alikuwa ameziweka katika kangomba. Alitaka tumwandikie kama tuwaandikiavyo wanakijiji. Tulimkatalia. Alisema chama kinawapenda wageni kuliko wanachama, akaondoka, na wawili wakamfuata. Maneno hayo ndiyo tunayoyasikia tena katika hoja ya leo, ingawa walioileta leo ni watu wengine na nia yao ni safi.

Masika yale yalikuwa mazito. Katikati ya Machi kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na haikupita miezi miwili tukasikia jina la Kenneth. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari kwa pwani yetu. Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019, watu wa mabondeni na wa kandokando ya bahari walitakiwa wahamie mahali pa salama. Vijana walidhani ni mzaha, kwa kuwa hawakuwahi kuona kimbunga; wazee walikumbuka kile kilichopiga pwani ya Lindi Aprili 1952.

Asubuhi ile chama kiligawana kazi. Wengine walibaki maofisini kufunga madaftari kwa nailoni na kuyapandisha juu ya makabati, kwa maana mvua ikila daftari la vizazi na vifo, mtu huweza kuishi miaka kumi akitafuta kuthibitisha kwamba alizaliwa. Wengine walikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazee wasioweza kutembea. Tulikodi gari moja kwa fedha za sanduku. Kikongwe mmoja alikataa kupanda pasipo mbuzi wake, na mbuzi akapanda.

Jioni kimbunga kiliingia nchini Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, kusini mwetu. Macomia na kisiwa cha Ibo ziliumia vibaya, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Sisi tulipata upepo na mvua, tukarudi majumbani. Kesho yake, siku ya Muungano, wako waliocheka kwamba chama kimekodi gari kuukimbia upepo usiokuja. Hawakucheka wenye jamaa ng'ambo ya Ruvuma. Katika mkutano huu wapo waliopiga simu siku nyingi zisipokelewe, maana mto ule ni mpaka wa Serikali mbili, si wa ukoo. Wavuvi wa Msimbati ndio waliotuletea habari za kwanza za baadhi ya ndugu zetu, na wavuvi hao si wanachama.

Ramadhani ikaanza mwezi wa Mei. Tulifuturisha wodi moja kwa uji na tende, Wakristo wetu wakabeba masufuria. Malipo ya korosho yalikuwa yakiingia kidogo kidogo, kwa wengine yalikuwa bado.

Juni tulifunga hesabu. Hatutawaficha: sanduku lilikuwa na fedha pungufu kuliko Julai iliyotangulia. Ilitupasa mwaka mwingine mzima kukusanya mikopo iliyoandikwa "nitalipa Novemba". Atakaye kugawa sanduku anayo hoja hapo, nasi twaikubali kuwa ni hoja. Lakini katika mwaka ule hakuna mwanachama aliyezikwa kwa mchango wa barabarani, na hakuna bahasha iliyorudi kijijini haijafunguliwa.

Daftari la mwaka ule liko mezani pa Bwana Mwandishi, pamoja na nakala za mihtasari tuliyoandika, majina ya wenyewe yamefunikwa. Kura itapigwa baada ya chai. Anayetaka kusoma na aje sasa, ila asiyageuze makaratasi kwa kidole chenye mate, maana yamekwisha kuchakaa.