Mapenzi ya Mungu na Maamuzi ya Sirini





Msiba mkubwa unapotufika, maneno ya kwanza yasikikayo matangani ni haya: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Husemwa kwa nia njema ya kumfariji mfiwa, na imani iliyomo ndani yake hatuidharau. Lakini leo twapenda tuulizane: je, kila jambo tunalolitwika jina la Mungu ni kazi yake kweli?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikapitia Kemondo, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walifariki. Uwezo wa meli hiyo ulikuwa abiria 430. Iliripotiwa kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, lakini wale wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa na orodha. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228.

Ndugu zetu, ziwa halikati tiketi, wala mawimbi hayapangi mizigo. Popote chombo kinapojazwa kupita kiasi, yupo aliyeuza nafasi isiyokuwapo, yupo aliyeona akanyamaza, na yupo abiria aliyembembeleza karani amwingize hivyo hivyo. Kila mmoja aliamua jambo dogo, mahali pasipoonekana. Kumtwika Mungu mzigo huo si unyenyekevu, bali ni kumsingizia, na ni kuwapa wahusika mahali pa kujificha.

Lipo pia kosa la pili: kumsingizia jirani. Katika Usukuma, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Anayeamini kwamba nyuma ya kila kifo umo mkono uliofichika humtafuta mwenye mkono huo, na mara nyingi humpata aliye mnyonge kuliko wote. Kumbe penye mauaji ya namna hiyo uamuzi wa sirini ulikuwapo kweli, ila haukuwa wa bibi kizee: ni wa mpiga ramli aliyelipwa, au wa ndugu aliyelitamani shamba la mjane.

Tutatofautishaje basi? Uamuzi wa mwanadamu, hata ukifichwa, huacha alama: hesabu, sahihi, stakabadhi, shahidi. Mambo hayo yanaweza kuchunguzwa mchana kweupe, na mtuhumiwa akapata nafasi ya kujitetea. Tuhuma ya uchawi haiachi chochote cha kuchunguza isipokuwa hofu.

Bwana wetu alipashwa habari za msiba. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kusema kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine, bali aliwaita waliokuwa wakimsikiliza watubu. Nasi toba yetu na iwe ya matendo. Jumuiya ndogo ndogo zilizo pwani ya ziwa zidai kila abiria aandikwe jina, awe wa daraja lolote. Ripoti za ajali zisomwe hadharani. Mjane anaponyoshewa kidole, jumuiya isimame mlangoni pake kabla ya usiku kuingia.

Mungu anayejua hesabu ya nywele zetu hakumsahau hata mmoja wa daraja la tatu. Tukimwamini Mungu wa namna hiyo, hatuna budi nasi kuhesabu na kuuliza. Tuwaombee marehemu wote pumziko la milele, na walio hai tuwalinde.

Mungu awabariki.