Si Kila Tumbo Ni Vidonda



Baba zetu, mama zetu na vijana wenzangu, mada niliyopewa ni maradhi ya tumbo na nani huyapata zaidi. Mimi si daktari, ni mwanafunzi tu wa mambo ya afya. Lakini mwezi huu kila mtaa utasikia neno moja: vidonda. Msichana akiumwa na tumbo, ana vidonda. Babu akiungulia, vidonda. Hata mtoto wa darasa la tatu, ati naye vidonda! Ndugu zangu, tumbo huenda na umri, na lina ya wanaume na ya wanawake. Tukiyapa maradhi yote jina moja tutayapa na dawa moja, na hapo ndipo watu huumia.

Mtoto chini ya miaka mitano adui yake ni kuhara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 wa umri huo kila mwaka. Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota mwaka 2014, lakini chanjo haizuii kila aina ya kuhara. Kinachoua ni kukaukiwa na maji, kwa hivyo mpe ORS na zinki, aendelee kunyonya. Asinyimwe maji ati ndiyo yanayomharisha. Na kichanga wa wiki chache ambaye kila akinyonya matapishi yanaruka mbali, huenda njia ya kutokea tumboni imekaza. Hilo huwapata wavulana kama mara nne zaidi ya wasichana, na tiba yake ni upasuaji.

Sasa sisi vijana. Kati ya miaka 10 na 30 ndipo kidole tumbo husumbua zaidi. Maumivu huanza kitovuni, kisha hushuka chini upande wa kulia. Majumbani kwetu tumbo likikaza jawabu ni sanamaki au haluli. Kwa huyu, hapana! Kidole kilichovimba chaweza kupasuka. Na akiwa ni mke kijana, maumivu ya hapo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Usimwambie avumilie hadi adhana, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na atalipa.

Mama zetu nao wana yao. Kufunga choo huwapata wanawake zaidi, na mimba huongeza pamoja na bawasiri. Mawe ya nyongo vilevile, hasa kwa waliozaa, kwa sababu ya homoni za kike. Mama amefuturu kwa sambusa, bajia na viazi karai, baadaye kidogo anashikwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yanapanda hadi begani. Anakunywa dawa ya vidonda mwaka mzima, na mawe yako pale pale.

Vidonda vyenyewe vipo, sikatai. Zamani lawama zote zilitupiwa pilipili na mawazo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa vijidudu vya Helicobacter pylori ili aonyeshe kuwa vinadhuru tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuwa na vijidudu hivi, wengi tangu utotoni, lakini wachache tu hupata vidonda. Hupimwa, na hutibiwa kwa antibiotiki. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Hapa nawaza nyanya zetu wenye magoti, wanaomeza kila siku. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu, twende hospitali.

Namalizia na wazee, hasa wanaume. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua sana Kenya, na huwapata wanaume zaidi. Sigara na pombe huchangia, na chai ya kuunguza nayo inashukiwa. Huko Bomet, hospitali ya Tenwek imepokea hata wagonjwa walio chini ya miaka 30, kwa hivyo kijana asijione yuko mbali. Mzee akianza kusema tonge la wali halishuki mpaka alisukume kwa maji, na kanzu inampwaya, msimpe dawa ya kiungulia mkingoja Idi ipite. Mpelekeni wiki hii.

Nakaribisha maswali. Wabillahi tawfiq.